Barua ya Wazi: Leseni ya Muuguzi Isiwe Pazia la Kliniki ya Urembo

Kwa:
Msajili, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania
Mkurugenzi wa Huduma za Uuguzi na Ukunga, Wizara ya Afya
Bodi ya Ushauri ya Hospitali Binafsi
Mkurugenzi Mkuu, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)

Yah: Dalili za hatari ambazo muuguzi anayeingia katika tiba za urembo anaachiwa azitambue peke yake

Waheshimiwa,

Mada tajwa hapo juu yahusika.

Mimi ni muuguzi niliyesajiliwa. Nimefanya kazi wodini kwa miaka kumi na minne, mingi kati ya hiyo katika wodi ya upasuaji, na kabla ya kurudi hospitalini nilipo sasa nilifanya kazi kwa miezi saba katika kliniki moja ya urembo jijini Dar es Salaam. Kliniki hiyo sitaitaja jina, kwa sababu ninachowaomba kinahusu kliniki zote za aina hiyo na hakiwezi kutimizwa kwa kuifunga moja. Ninaandika sasa kwa kuwa wiki tatu zilizopita binti mmoja niliyemsimamia alipokuwa mwanafunzi wa stashahada alinitumia picha za mkataba kwa simu, akaandika: "Shikamoo sista. Nimepata kazi kliniki ya urembo. Naomba unisomee kabla sijasaini, wanataka jibu kesho asubuhi."

Mkataba wenyewe ulikuwa wa kurasa mbili. Humo nilikuta karibu kila jambo ambalo mimi nilichelewa kulitambua, na nilipomaliza kuusoma nilikaa kitandani nikijiuliza ni ofisi gani ambayo binti huyu angeweza kuipigia simu usiku ule, au hata asubuhi yake, aulize kama kazi anayopewa inaruhusiwa kwa leseni aliyonayo na kwa masharti yaliyoandikwa pale. Sikupata jibu, nami ni mtu ninayefuatilia nyaraka za taaluma yangu.

Mnaijua hali ya ajira kuliko mimi. Vijana wanahitimu vyuo vya uuguzi, wanapata usajili, kisha wanajitolea hospitalini mwaka mmoja, miwili, hata zaidi, kwa posho ya nauli au bila chochote, huku wakisubiri tangazo la ajira za serikali. Kijana wa namna hiyo akiitwa kwenye jengo safi lenye kiyoyozi huko Mikocheni au Masaki, akaambiwa atalipwa laki tano kwa mwezi pamoja na kamisheni, hawezi kuanza kuhoji. Mimi mwenyewe, niliyekuwa na uzoefu na akiba kidogo, sikuhoji. Niliona ukuta mweupe, kitanda kipya na taa nzuri, nikadhani usafi wa chumba ni ushahidi wa usalama wa huduma.

Naomba nisieleweke kwamba ninaidharau kazi yenyewe. Tiba za ngozi na za urembo ni eneo halali la huduma za afya, na Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila, ilipoanza kufanya upasuaji rekebishi na wa urembo ilionyesha kwamba jambo hili linaweza kufanyika hapa nchini, mbele ya madaktari bingwa, wataalamu wa usingizi na wauguzi wanaojua nafasi zao. Muuguzi aliyefundishwa vizuri, mwenye daktari anayemjibu na dawa anazozijua zilikotoka, anaweza kuifanya kazi hii kwa heshima. Shida ninayoizungumzia ni ya kliniki ambayo haina hata kimoja kati ya hivyo, ila ina muuguzi.

Nirudi kwenye mkataba wa yule binti. Kifungu kimoja kilimtaka aache vyeti vyake halisi kwa mwajiri "kwa ajili ya usalama". Kingine kilisema atapewa mafunzo ya siku mbili yenye thamani ya shilingi milioni tatu, na kwamba akiacha kazi kabla ya miaka miwili atazilipa zote. Kifungu cha tatu kilieleza kuwa bidhaa ikiharibika au mteja akidai kurudishiwa fedha, kiasi hicho kitakatwa kwenye mshahara wake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimpi mwajiri ruhusa ya kukata mshahara kiholela namna hiyo, lakini tuache hilo kwa watu wa kazi. Kinachowahusu ninyi ni kwamba vifungu hivi vitatu vikikaa pamoja vinamfunga muuguzi asiweze kusema "hapana" siku atakapopaswa kusema hivyo kwa ajili ya mgonjwa. Mtu ambaye vyeti vyake viko kwenye droo ya bosi, anayedaiwa milioni tatu, na anayekatwa kila mteja anapolalamika, atamwambia nani kwamba filla (dawa ya kuchoma inayojaza midomo na mikunjo ya uso) iliyoletwa leo haina lebo?

Lakini lililonitisha zaidi halikuwa limeandikwa. Katika kurasa zote mbili hapakuwa na jina la daktari. Palikuwa na jina la mkurugenzi, jina la meneja wa masoko, hata jina la mtu wa mitandao ya kijamii atakayempiga picha akiwa kazini, ila daktari ambaye angemwona mgonjwa, akaandika dawa na kuitwa mambo yakiharibika hakutajwa popote. Hiyo ndiyo dalili ya kwanza ninayowafundisha wadogo zangu, nayo inaonekana kabla mtu hajavaa sare: uliza daktari ni nani, anaitwa nani, anakuja siku gani, na namba yake ni ipi. Jibu likiwa "usijali, yupo", basi hayupo.

Katika kliniki niliyofanya kazi daktari alikuwepo kwa saini. Kila mwisho wa mwezi ililetwa bahasha ya fomu za ridhaa na za maagizo ya dawa zilizokwisha kusainiwa, nafasi ya jina la mgonjwa ikiwa wazi, nasi tulijaza majina kadiri wateja walivyoingia. Katika miezi saba nilimwona daktari huyo mara mbili. Botoksi, sindano ya kulainisha mikunjo ya uso, ni dawa ya kuandikiwa na daktari. Imetokana na sumu ya bakteria wa Clostridium botulinum, na hulegeza misuli kwa kuzuia mawasiliano kati ya mshipa wa fahamu na msuli. Ikisambaa nje ya mahali palipokusudiwa inaweza kumfanya mtu ashindwe kumeza au kupumua vizuri, na hali hiyo yaweza kuanza saa chache baadaye au wiki kadhaa baadaye. Mimi nilikuwa ninaichoma kwa watu ambao hakuna daktari aliyewauliza kama wana ugonjwa wa misuli, kama ni wajawazito, au wanatumia dawa gani. Niliuliza mimi, kwa sababu nilizoea kuuliza wodini. Mwenzangu aliyekuwa zamu nyingine hakuuliza, kwa kuwa aliyemfundisha hakuuliza.

Wenzenu wa Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza wamelikabili jambo hili waziwazi. Tangu tarehe 1 Juni 2025 wanamtaka muuguzi au mkunga mwenye mamlaka ya kuandika dawa za urembo aonane na mgonjwa ana kwa ana kabla ya kumwandikia, na kuagiza kwa simu au kwa video hakukubaliki tena. Sheria yetu na mipaka ya kazi zetu ni tofauti na ya kwao, na sisemi tuichukue kama ilivyo. Ninachosema ni kwamba walitambua mahali ambapo huduma hii huvunjika, yaani pale anayeandika dawa asipomjua anayechomwa, wakaliandika hilo ili muuguzi awe na karatasi ya kumwonyesha mwajiri.

Naomba sasa niwapeleke mapokezi. Siku ya tatu ya kazi yangu niliombwa nakala ya leseni yangu ya mwaka ule, nikaitoa bila wasiwasi, na kesho yake nikaikuta imewekwa kwenye fremu ya dhahabu ukutani, juu ya kochi la wateja, chini yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba huduma zote hutolewa na wataalamu waliosajiliwa. Nilijisikia fahari. Miezi miwili baadaye nilirudi kutoka mapumziko nikamkuta dada wa kutengeneza kucha, msichana mwema na mwepesi wa mikono, akimchoma mteja kwenye paji la uso, naye mteja akiwa ametulia kabisa kwa kuwa alikuwa amesoma ule ukuta. Nilipomwambia bosi kwamba jambo lile haliwezekani, alinijibu kwa upole, "Lakini si leseni yako ipo?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeajiriwa kwa ajili ya ile fremu.

Waheshimiwa, hilo ndilo jambo kubwa ninalotaka mlione katika barua hii. Leseni mnayoitoa kwa jina la mtu mmoja inatumika kufunika kazi za watu ambao hamwajui, na siku mtu akiumia, jina litakalotajwa ni la kwenye fremu. Mkaguzi akipita akaiona leseni hai ya muuguzi ukutani, anaandika kwamba kituo kina mtaalamu. Haulizi muuguzi huyo alikuwa zamu lini, wala hamtazami aliyeshika sindano.

Baada ya ukuta, friji. Ningekuwa mkaguzi ningeanza na friji kabla ya kusoma cheti chochote, kwa sababu cheti kinaweza kuandaliwa kwa ajili ya ukaguzi, lakini friji ni vigumu kuipamba kwa dakika tano. Ile ya kwetu ilikuwa ndogo, ya mlango mmoja, haikuwa na kipimajoto, na ndani yake mlikuwa na chupa za soda, mtindi wa bosi, kontena la pilau, na kwenye kikapu cha mlangoni vichupa vya botoksi vilivyofungwa kwa plasta ya karatasi iliyoandikwa kalamu ya wino: "J3". Maana yake ilikuwa Jumatatu, ila haikusema Jumatatu ipi. Maelekezo ya mtengenezaji wa Botox yanataka kichupa kikishachanganywa na maji ya chumvi kikae katika nyuzijoto 2 hadi 8, kitumike ndani ya saa 24, na kitumike kwa mgonjwa mmoja tu. Mlango wa friji hufunguliwa kila mtu anapotaka maji ya baridi, na umeme wa jiji letu mnaujua.

Ninaitaja friji kwa sababu tayari kuna mahali ambapo friji kama hiyo ilikuwa sehemu ya msiba. Mwaka 2018 maofisa wa afya wa jimbo la New Mexico, Marekani, walianza kuchunguza saluni moja ya jiji la Albuquerque baada ya mwanamke aliyetibiwa ngozi ya uso kwa sindano ndogondogo na damu yake mwenyewe kupatikana na virusi vya UKIMWI bila sababu nyingine inayojulikana. Walikuta mirija ya damu isiyo na majina juu ya kaunta ya jikoni, damu nyingine na dawa za kuchoma zikiwa kwenye friji moja na chakula, na mabomba ya sindano yaliyokwisha kufunguliwa yakiwa kwenye droo na kwenye ndoo za taka za kawaida. Taarifa ya taasisi ya taifa ya Marekani ya kudhibiti magonjwa iliyotolewa mwaka 2024 iliwahusisha watu kadhaa wenye virusi hivyo na huduma za saluni hiyo. Niliposoma maelezo ya ile friji sikuhitaji kufumba macho ili niione.

Kisha ipo hesabu, ambayo muuguzi yeyote anaweza kuifanya kwa vidole. Mikunjo ya katikati ya nyusi, kwa dozi iliyoandikwa kwenye maelekezo ya Botox, huchukua yuniti 20 (yuniti ni kipimo cha nguvu ya dawa hii), yaani yuniti nne katika kila moja ya sehemu tano. Kichupa cha yuniti 100 kwa hiyo kina kiasi cha dozi tano za namna hiyo, hata kabla ya kukumbuka lile sharti la mgonjwa mmoja. Kwenye daftari langu nina siku nne mfululizo ambapo kichupa kimoja kilihudumia watu kumi na mmoja. Ama walikuwa wanachomwa maji ya chumvi kwa bei ya dawa, ama kilichokuwemo hakikuwa kile kilichoandikwa kwenye lebo, na kwa vyovyote vile mimi ndiye niliyekuwa naweka jina langu kwenye kadi ya mteja. Yapo pia matoleo ya botoksi ya watengenezaji mbalimbali ambayo yuniti zake hazilingani, kiasi kwamba aliyezoea moja akichukua nyingine na kuchoma kwa mazoea anaweza kuzidisha dozi mara kadhaa. Nimeona kichupa chenye maandishi ya lugha ambayo hakuna mtu katika jengo zima aliyeweza kuisoma, nikaambiwa, "Ni ile ile, imetoka Dubai na mtu wetu."

Dawa bandia si hofu ya kufikirika. Mwezi Aprili 2024 mamlaka za Marekani zilitangaza kwamba watu 22 katika majimbo 11 walipata madhara baada ya kuchomwa sindano za botoksi, baadhi yake zikithibitika kuwa bandia, na kwamba nusu yao walilazwa hospitalini. Ikiwa hilo linatokea katika nchi yenye mifumo ile, sioni sababu ya sisi kudhani kwamba sindano inayokuja kwenye begi la mkononi la abiria, bila risiti na bila namba ya toleo, itakuwa salama kwa kuwa tu imewekwa kwenye boksi zuri. TMDA wanaweza kuondoa sehemu kubwa ya mashaka haya kwa kumrahisishia muuguzi kujua ni botoksi zipi na ni filla zipi zilizosajiliwa nchini, kwa orodha inayosomeka kwenye simu na inayotaja jina la bidhaa, mtengenezaji na mwingizaji.

Sasa nieleze siku iliyonifanya niondoke. Ilikuwa Alhamisi mchana, na mteja alikuwa mwanamke wa umri wa miaka thelathini na kitu, mwalimu, aliyejilimbikizia fedha ili aongezwe mdomo na mistari ya kando ya pua kwa sababu harusi ya mdogo wake ilikuwa inakaribia. Filla ilichomwa na mtu tuliyemwita mkufunzi, ambaye hakuwa daktari wala muuguzi, na mimi nilikuwa nimesimama kando nikishika taa. Nilimwona mteja akikunja vidole vya miguu. Nikamuuliza kama anaumia, akasema, "Sana, dada, hapa," akagusa shavu. Ngozi ya kando ya pua ilikuwa imepauka, weupe ambao kwenye ngozi yetu huonekana kama jivu, na dakika chache baadaye ukatokea mchoro kama wa wavu uliotandazwa chini ya ngozi. Nilibonyeza, nikaachia, damu haikurudi haraka. Mshipa wa damu ulikuwa umeziba.

Filla ya asidi ya hayaluroniki ina dawa ya kuiyeyusha, inaitwa hayaluronidesi, na katika hali kama ile dakika zina thamani, kwa sababu ngozi iliyokosa damu hufa, na filla ikifika kwenye mishipa ya jicho mtu anaweza kupofuka. Niliiomba. Mkufunzi alinitazama kama niliyetaja jina la mtu asiyemjua. Niliuliza adrenalini iko wapi, kwa sababu hata hiyo dawa ya kuyeyusha yenyewe inaweza kumletea mtu mzio mkali. Haikuwepo. Katika kliniki iliyokuwa na aina sita za filla hapakuwa na kichupa kimoja cha adrenalini. Niliambiwa nimkande na nimwekee barafu, na bosi akashauri kwa sauti ya chini tumpe juisi. Nilimshika yule mwalimu mkono, nikamwingiza kwenye bajaji, nikaenda naye hospitali huku nikimpigia simu daktari wa ngozi niliyewahi kufanya naye kazi. Alipona. Lakini ana kovu kando ya pua, la ukubwa wa punje ya mahindi, na kwenye picha za harusi ya mdogo wake amesimama kwa upande.

Nilikatwa mshahara wa mwezi ule kwa kosa la kumtoa mteja nje ya kliniki bila kibali.

Mengine nitayapitia kwa ufupi kwa kuwa yanafanana na mnayoyakuta kwingine. Hapakuwa na sefti boksi, yaani boksi gumu la kutupia sindano. Sindano zilizotumika ziliingia kwenye chupa ya maji, na chupa ikaenda kwenye taka za mtaa. Hakuna aliyetuuliza kama tumechanjwa homa ya ini aina ya B, na mwenzangu alipojichoma hakuna aliyejua kwamba dawa za kinga dhidi ya virusi vya UKIMWI zinapaswa kuanzwa mapema iwezekanavyo na si zaidi ya saa 72. Picha za nyuso za wateja, za kabla na za baada, zilikaa kwenye simu binafsi ya mtu wa mitandao, ingawa nchi ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Na dripu za kung'arisha ngozi zenye glutathioni, ambazo mamlaka ya dawa ya Ufilipino imekwisha kutoa tahadhari juu yake kwa sababu ya madhara kwa figo, ini na ngozi, zilitundikwa kila Jumamosi kama juisi, kwa mabinti ambao baadhi yao, kwa macho yangu ya mtu mzima, hawakuwa wametimiza miaka kumi na minane.

Najua lipo jibu lililo tayari, kwamba muuguzi anayeona haya aondoke na kutoa taarifa. Niliondoka. Kuhusu taarifa, niliambiwa katika ofisi ya kwanza kwamba kituo kile kimeandikishwa kama saluni na leseni yake ya biashara imetoka halmashauri, kwa hiyo niende halmashauri. Halmashauri wakaniambia masuala ya sindano ni ya afya. Nilipouliza kuhusu losheni zilizokuwa zinauzwa pale niliambiwa vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango tangu mwaka 2019, na dawa ni TMDA, na muuguzi ni Baraza, na jengo ni Bodi. Kila aliyenijibu alikuwa na adabu, na kila mmoja alisema kweli kuhusu mipaka ya ofisi yake. Sindano ile ile, inayoingia kwenye uso ule ule, imegawanywa vipande vitano, na mwenye kliniki anaishi vizuri sana katikati ya vipande hivyo.

Jirani zetu wameonja matokeo. Mwezi Oktoba 2024 mwanamke mmoja jijini Nairobi alifariki baada ya kufanyiwa upasuaji wa kunyonya mafuta katika kituo cha urembo, na Baraza la Madaktari la Kenya likakifunga kituo hicho. Kilifungwa, ndiyo, lakini baada ya mtu kuwa amekwisha kufa. Wauguzi na wahudumu waliokuwa humo siku zote zilizotangulia bila shaka waliona mengi, na sidhani kuwa walikuwa watu wabaya.

Kwa hiyo ninaomba haya. Baraza litoe mwongozo wa maandishi, kwa Kiswahili, unaosema muuguzi wa kila ngazi anaruhusiwa kufanya nini katika tiba za urembo na kwa usimamizi wa nani, ili binti aliyenitumia mkataba awe na ukurasa wa kumwonyesha mwajiri badala ya kusema "sista wangu kasema". Mwongozo huo utamke wazi kwamba leseni ya muuguzi haifuniki kazi ya mtu mwingine, na kwamba hakuna mwajiri mwenye haki ya kushikilia vyeti halisi. Wizara na Bodi zikubaliane kwamba mahali popote panapopenyeza sindano chini ya ngozi ya mtu kwa ajili ya urembo pahesabiwe kuwa kituo cha huduma za afya, hata kama mlangoni pameandikwa saluni au spa, na kwamba pasiruhusiwe kufanya kazi bila daktari mwenye jina na zamu inayojulikana, bila adrenalini, bila hayaluronidesi pale inapochomwa filla, bila friji ya dawa peke yake yenye kipimajoto na daftari la joto. Hayo ni mambo ambayo mkaguzi mmoja anaweza kuyathibitisha kwa nusu saa.

La mwisho ndilo ninaloliomba kwa msisitizo mkubwa zaidi: iwepo namba moja ya simu. Isiwe tano. Muuguzi akipiga apokewe na mtu atakayeandika malalamiko yake na kuyagawa mwenyewe kwa ofisi zinazohusika, na jina la muuguzi lisifike kwa mwajiri. Wengi wetu tungepiga. Nilipokuwa pale, wauguzi watatu wa kliniki nyingine tulikuwa tukiandikiana usiku tukiulizana kama tulichokiona mchana ni cha kawaida, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na mtu mwenye mamlaka wa kumuuliza.

Yule binti alisaini. Nilimweleza yote niliyowaeleza ninyi, akanisikiliza, akasema baba yake hana kazi na kodi ya chumba inaisha mwisho wa mwezi. Nilimwombea jambo moja tu kwa mwajiri wake, vyeti halisi vibaki nyumbani, likakubaliwa. Juzi aliniandikia kuuliza kama ni sawa kichupa kutumika hadi Ijumaa ikiwa kilichanganywa Jumatatu.

Daftari nililoandika katika miezi yangu saba ninalo. Lina tarehe, namba za matoleo pale zilipokuwepo, idadi ya watu kwa kila kichupa, na mchoro wa ngozi ya yule mwalimu nilioufanya kwenye bajaji ili nimweleze daktari ulipoanzia na ulikofika. Majina ya wateja hayamo. Nitalileta mwenyewe katika ofisi yoyote kati ya zenu, siku na saa mtakayonipangia, na nitajibu kila swali nitakaloulizwa, yakiwemo yale yanayonihusu mimi na sindano nilizochoma kwa mkono wangu.

Wenu katika kazi,

Muuguzi aliyesajiliwa,
Dar es Salaam

(Jina langu kamili na namba yangu ya usajili vimo katika nakala iliyosainiwa niliyoiwasilisha kwa mkono kwa Msajili.)